Spika Moja na Simu Moja: Kufundisha Kiingereza kwa Sauti Darasani

Mwanafunzi anayetoka darasa la saba shule ya serikali hapa Dar es Salaam amesoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, lugha inageuka. Mwandikie sentensi ya Kiingereza ubaoni, ataisoma na kuinakili bila kosa. Msomee sentensi hiyohiyo kwa mwendo wa kawaida, anabaki anakutazama. Macho yake yamekutana na Kiingereza kwa miaka, masikio bado. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne nao ni wa kuandika, kwa hiyo shule nyingi hazina haraka ya kulishughulikia hilo, na mtoto anaweza kumaliza sekondari bila kufundishwa kusikiliza hata kipindi kimoja.

Ndiyo maana mwalimu au mwenye kituo cha tuisheni akiuliza aanze na teknolojia gani, namwambia aanze na sauti. Wengi huanza na ndoto ya chumba cha kompyuta. Kompyuta 20 kwa wanafunzi 80 maana yake wanne kwa moja, na kati ya hao wanne mmoja mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshika mausi mpaka kengele inalia. Spika moja inafikia masikio yote 160 kwa wakati mmoja.

Basi tuanze na hiyo spika, maana ndipo hela nyingi hupotea. Kariakoo utakuta maboksi yameandikwa wati 1,000, mengine 5,000. Hizo ni namba za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi mno, na hazimsaidii mnunuzi kwa lolote. Tafuta herufi RMS, yaani nguvu ambayo spika inaitoa mfululizo, mara nyingi zimeandikwa nyuma ya spika kwa maandishi madogo. Kwa darasa la watu 80, wati 20 hadi 30 za RMS zinatosha, mradi spika isiwe ya besi. Sabufa ya muziki ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Sauti zinazotenganisha maneno ya Kiingereza, yaani s, f, t, k na th, nguvu yake kubwa iko juu, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 mpaka 8,000 hivi, na besi nzito inazimeza. Muziki utasikika mtamu, lakini "thick" na "sick" zitakuwa neno moja.

Kabla hujalipa, fanya jaribio hapo hapo dukani. Nenda na rekodi ya mtu akisoma jozi za maneno: "sin, fin", "thick, sick", "cap, cat". Mpe muuzaji simu aicheze, wewe rudi hatua kumi, geuka mgongo, na utaje unachosikia. Kelele za mtaani zisikukwaze, kwani darasani kwako bodaboda zitapita vilevile. Ukikosea zaidi ya jozi moja kati ya tano, iache spika hiyo hata kama bei inashawishi. Chukua yenye betri yake ndani, uichaji nyumbani usiku, ili umeme ukikatika saa nne asubuhi kipindi kiendelee.

Darasani usiiweke juu ya meza ya mwalimu. Pale inawapigia watu wa mbele vifuani, na wa nyuma wanapata mabaki. Usiiweke pembeni kabisa kwenye kona pia, kwani kuta mbili zinaongeza besi. Itundike au uiegeshe ukuta wa ubavuni, katikati ya darasa, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, uso wake ukielekea kidogo chini. Madarasa yetu mengi yana sakafu ya saruji, kuta za tofali na mabati bila dari, kwa hiyo mwangwi ni mkali. Wa nyuma wakilalamika kwamba hawasikii, kupandisha sauti kunapandisha na mwangwi. Sogeza spika karibu nao. Na mvua ya masika ikianza kupiga bati, zima kabisa. Hakuna spika ya darasani inayoshinda bati. Uwe na maandishi ya somo hilo yamechapwa, mfanye kazi ya kusoma mpaka mvua ipite.

Bluetooth ina visa viwili vinavyorudi kila siku. Cha kwanza ni simu kuita katikati ya rekodi, darasa zima likasikia mlio wako. Weka simu kwenye hali ya ndege, kisha washa Bluetooth peke yake. Cha pili ni kigumu kukigundua: spika nyingi za bei nafuu husinzia pakiwa kimya, na sauti ikianza zinachelewa kuamka kwa karibu nusu sekunde. Neno la kwanza linaliwa. Wanafunzi wanaandika "is going to school" bila mtendaji, mwalimu anadhani hawajui sarufi. Dawa yake ni kuanza kila rekodi kwa mlio mfupi wa sekunde mbili au kuhesabu "one, two, three" kabla ya somo lenyewe. Ukiwa na waya wa AUX na simu yenye tundu lake, tumia waya, kisa hiki cha pili kinapungua.

Rekodi zitoke wapi? Zipo za bure na nzuri. Sauti ya Amerika ilianza matangazo ya Kiingereza rahisi mwaka 1959, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na usomaji wa polepole kuliko habari za kawaida, na utaratibu huo hadi leo ni kigezo kizuri kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. BBC Learning English na British Council nao wana masomo mengi ya kusikiliza. Lakini ninasisitiza: nusu ya rekodi ziwe zako mwenyewe au za walimu wenzako wanaozungumza vizuri. Mtoto wa Mbagala anayesikiliza habari za treni za London anapambana na mambo mawili mara moja, lugha ngeni na mahali pageni. Mwandikie kisa cha mtu anayetafuta basi la kwenda Kimara, au mama anayeuza samaki Feri, aweke akili yote kwenye lugha. Kiingereza kinachozungumzwa na Mtanzania msomi ni Kiingereza kamili, mwanafunzi akisikie kabla hajaambiwa kwamba lafudhi sahihi ni ya ng'ambo peke yake.

Kurekodi kunahitaji chumba chenye vitu laini. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa ni studio nzuri kuliko ofisi ya walimu. Zima pangaboi, na ukiweza subiri saa nne usiku mtaa utulie. Shika simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, lakini pembeni kidogo, isiwe mbele moja kwa moja, la sivyo kila p na b itapuliza kwenye kinasa sauti.

Kisha angalia simu inahifadhi kwa mfumo gani, maana hapa ndipo kazi nzuri huharibika bila mtu kujua. Programu za kurekodi kwenye simu za bei ya chini mara nyingine huhifadhi AMR au 3GP. AMR ya kawaida hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kubeba kitu chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Ni tatizo lilelile la kupiga simu, ambapo mtu anakutajia jina linaloanza na S wewe unaandika F. Fungua mipangilio, chagua WAV au M4A ya ubora wa juu. Baada ya hapo ingiza faili kwenye Audacity, programu ya bure ya kompyuta, na ufanye mambo machache tu: geuza iwe mono, yaani njia moja ya sauti, kata besi iliyo chini ya hezi 100 kwa High-Pass Filter, sawazisha nguvu kwa Normalize, toa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho dakika moja ni kama KB 480, na somo la dakika tatu halifiki MB 1.5. Usishuke kilobiti 32 ili kuokoa bando. Faili litakuwa nusu, lakini kinachotupwa kwanza ni sauti zilezile nyembamba ulizonunulia spika.

Andiko liwe la maneno 100 hadi 120, yenye maneno mapya yasiyozidi sita. Kuhusu mwendo, kosa la kawaida ni kusoma neno moja moja kama unaita majina kwenye daftari la mahudhurio. Kiingereza cha namna hiyo hakipo popote, na aliyekizoea hatatambua "pick it up" ikisemwa kwa pamoja. Soma kila kifungu cha maneno matano hadi saba kwa mwendo wa kawaida, halafu urefushe kimya baina ya vifungu. Kwenye Audacity weka kishale mwisho wa kifungu, nenda Generate, chagua Silence, andika sekunde. Kwa kusikiliza tu, sekunde moja na nusu. Kwa kuandika, mara tatu ya urefu wa kifungu chenyewe. Kitufe cha kupunguza kasi kwenye simu kinasaidia mpaka 0.8 hivi. Chini ya hapo sauti inaanza kukwaruza na mdundo wa lugha unapotea.

Kipindi cha dakika 40 kinaenda hivi. Mara ya kwanza kalamu chini, wanasikiliza, kisha unauliza swali moja kubwa kwa Kiswahili au Kiingereza: nani, wapi, kumetokea nini. Mara ya pili wanaandika maneno wanayoyadaka, si sentensi. Mara ya tatu wanaongezea. Halafu wanne wanne wanajenga upya kifungu kizima kutokana na maneno waliyodaka, kwa sarufi yao wenyewe, na hapo wape dakika 12 kamili, usiwakatishe. Hii ndiyo sehemu inayofundisha. Kikundi kitabishana kama mama wa kwenye rekodi alikuwa "he" au "she", kwa sababu Kiswahili hakimlazimishi mtu kuchagua. Watabishana kama ni "in the market" au "at the market", kwani sokoni ni sokoni. Kila ubishi wa namna hiyo una thamani kuliko ubao mzima wa kanuni. Mwisho cheza mara ya nne wakiwa na maandishi sahihi mbele yao, wasikie kwa macho yaliyofunguka kile ambacho sikio liliruka.

Kosa moja la kuliepuka: mwalimu anasimamisha rekodi kila sentensi na kuitafsiri. Akifanya hivyo mara tatu, darasa linaacha kusikiliza Kiingereza na kumsubiri yeye.

Matamshi yanahitaji dakika tano tu kwa siku, lakini kila siku. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kwa hesabu ya kawaida kina irabu 12 za peke yake, ukiacha zile zinazounganishwa. Kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" zote zinaangukia kwenye a yetu moja, na "ship" na "sheep" kwenye i moja. Rekodi jozi 20 zimechanganywa. Wanafunzi wafumbe macho, wainue kidole kimoja wakisikia neno la kwanza, viwili wakisikia la pili. Kufumba macho ni lazima, vinginevyo wote wanamwangalia yule anayeongoza darasani. Kwa kutazama vidole unapata jibu la watu 80 kwa sekunde tatu bila kusahihisha daftari hata moja. Kwa upande mwingine, usipoteze muda kwenye th kama huna sababu. Mtoto anayetamka thelathini na dhahabu vizuri tayari anazo sauti mbili ambazo Wafaransa na Wajerumani huzitolea jasho. Wanaosema "selasini" ndio wa kufanyia kazi, na hao waanze kwa maneno ya Kiswahili.

Mkazo ni shida kubwa kuliko irabu. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, bila kufikiri. Ndiyo maana "hotel" na "police" zinapigwa mwanzoni, na "comfortable" inatoka kama wimbo mwingine kabisa. Audacity ina njia nzuri ya kulionyesha hili. Chukua sentensi moja, weka Low-Pass Filter kwenye hezi 400, na cheza. Maneno yanatoweka, unabaki mngurumo wenye kupanda na kushuka, kama mtu anaongea nyuma ya ukuta. Darasa liige mngurumo huo kwa kuguna, kisha uwachezee sentensi yenyewe. Mkazo unajitokeza wenyewe, kwa sababu ndio uliobaki.

Na kuna jambo ambalo kila mwalimu mwenye kompyuta moja anapaswa kulionyesha walau mara moja. Rekodi neno "stop" likitamkwa vizuri, uliangalie kwenye skrini. S ni ukungu mwembamba kama manyoya. Baada yake kuna mstari mtupu, mfupi sana, ambapo ulimi umeziba njia ya t. Halafu o inavimba, nundu moja kubwa, inakatika ghafla, mstari mtupu tena, na mwisho kitone kidogo cha p. Sasa mwite mwanafunzi anayesema "sitopu" na umrekodi chini ya ile ya kwanza. Nundu ni tatu: i, o, u. Hahitaji kuambiwa kwamba ameongeza irabu, anaziona kwa macho yake na anaweza kuzigusa kwenye kioo. Mpe kazi ya kufuta nundu ya mwisho, si kwa mausi, kwa mdomo wake. Atajaribu, atatazama, atajaribu tena. Maelezo ya mdomo yangechukua wiki.

Nyumbani ni habari nyingine. Shule za serikali haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na simu kubwa ya nyumbani mara nyingi iko kazini na mzazi mpaka jioni. Kikundi cha WhatsApp cha wazazi kinafaa kwa kutuma rekodi, lakini kifunge ili admini peke yake ndiye anayetuma. Ukikiacha wazi utapokea sauti 80 usiku mmoja, pamoja na salamu na matangazo ya vikoba. Wanafunzi kumi kwa siku, kwa zamu, kila mmoja sekunde 30, watume kwako binafsi. Mjibu kila mmoja kwa kosa moja tu. Ukitaja manne hatafanyia kazi hata moja. Rekodi ya somo itume kama waraka na si kama sauti ya kawaida, ili ifike jinsi ilivyo. Sauti za watoto usizirushe kwenye kikundi hata ukitaka kusifia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu walimu pia, na mzazi aombwe ridhaa kabla.

Nyumba yenye kitochi tu haijaachwa nje. Vitochi vingi vinacheza MP3 kutoka kwenye memori kadi. Nunua kadi isiyozidi GB 32, kwa sababu kubwa zaidi huja zimepangwa kwa mfumo ambao simu hizo hazisomi. Majina ya faili yaanze na 01, 02, 03, la sivyo somo la kumi litacheza kabla ya la pili.

Kuandika kwa sauti, ile kinasa sauti kwenye kibodi ya Google, ni msahihishaji wa bure kwa mwenye simu janja. Pakua kwanza lugha ya Kiingereza ili ifanye kazi bila bando, na ukikuta Kiingereza cha Tanzania au cha Kenya kwenye orodha, jaribu hicho. Ila tahadhari: programu inabahatisha kwa kufuata maana ya sentensi. Mtoto akisema "I leave in Temeke", simu itamwandikia "live" kwa huruma, naye ataondoka akiamini ametamka sawa. Mpe sentensi ambayo maneno yote mawili yanakubalika, kama "I saw a ship" na "I saw a sheep". Na usitoe alama kwa kutumia chombo hiki, kwani sauti za watoto na kelele za nyuma vinakiyumbisha.

Projekta nitaipita haraka. Madirisha yetu ni mapana, jua ni kali, na picha inafifia mpaka ufunge mapazia, halafu darasa linakuwa tanuri.

Shule ikishapata kompyuta au tableti, weka Kolibri, programu ya bure inayobeba masomo na vitabu bila intaneti, zikiwemo hadithi za African Storybook ambazo nyingi zipo kwa Kiswahili na Kiingereza. Pakua vitu mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha kompyuta moja inawagawia wengine kupitia ruta isiyo na intaneti kabisa, kwa anwani inayoishia na 8080. Simu na tableti zikiona ruta haina intaneti huikimbia na kurudi kwenye data, kwa hiyo zima data kwanza. Hiyo kompyuta kuu iwe laptopu yenye betri nzima. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ni nafuu, lakini umeme ukikatika wakati inaandika, kadi yake inaweza kuharibika na masomo yote yakaenda nayo.

Programu za akili mnemba zimtumikie mwalimu kwanza: andiko moja kwa viwango vitatu, maswali kumi ya ufahamu, jozi za maneno. Soma kila mstari kabla ya kurekodi, hasa panapotajwa mitaa na tarehe za hapa. Insha ya mwanafunzi rasimu yake iandikwe darasani kwa mkono, mashine iione baadaye.

Jambo la mwisho la kupanga ni kumbukumbu. Januari mrekodi kila mwanafunzi akisoma andiko lilelile la dakika moja, Juni rudia, Novemba rudia. Jina la faili liwe namba yake ya daftari na mwezi, si jina lake. Faili za wanafunzi 80, zikiwa MP3 ya kilobiti 64, ni kama MB 38, hata kadi ya zamani ya GB 2 inazibeba mwaka mzima. Ukisikiliza ya Januari na ya Juni kwa kufuatana, hesabu mambo matatu tu: irabu za ziada mwishoni mwa maneno, mahali anapopumulia, na maneno aliyoruka. Panapobaki palepale ndipo rekodi zako za muhula unaofuata zinapoanzia. Mwaka ukiisha, mpe mzazi faili za mwanawe, kisha zifute kwenye kadi yako.